Sikio linalovuja kila mara: maoni yangu kuhusu kusafishwa kwa mashine na kupima usaha

Jamani hii naandika kwa ajili ya mzazi yeyote mwenye mtoto ambaye sikio linatoa usaha, linakauka, linatoa tena, maana najua tupo wengi na najua watu wanavyozungushwa kutoka famasi hii hadi ile. Huduma ninayoizungumzia ina sehemu mbili ambazo ni lazima ziende pamoja: daktari wa masikio, pua na koo anasafisha sikio kwa mashine ya kunyonya huku anaangalia ndani kwa hadubini, na anachukua usaha kwa kijiti kisafi cha maabara unaenda kuoteshwa ijulikane ni mdudu gani anaishi humo na dawa gani inamuua. Sisi tulifanyia kliniki ya binafsi hapa Dar, jina siweki kwa sababu sijaja kumtangazia mtu biashara. Kwa mwenye haraka asiyetaka kusoma yote: inafaa, lipia, na lipia kabla hujanunua chupa nyingine ya matone.

Mgonjwa ni binti yangu wa darasa la nne, sikio la kushoto. Tangu yuko chekechea mafua yakimshika tu sikio linaanza kuvuja. Kapewa amoksilini ya maji, kapewa matone ya kloramfenikoli, kapewa matone ya jentamaisini, yaani kila famasi ina chupa yake na kila muuzaji ana uhakika na chupa yake, linakauka kidogo halafu linarudi na harufu juu. Bibi yake Tanga akapendekeza mafuta ya nazi ya vuguvugu na kitunguu saumu, jirani akasema maziwa ya mama. Kwa heshima zote kwa bibi, sikio ambalo hujui kama ngoma yake, ule utando wa ndani, ni nzima haliwekwi kitu cha jikoni. Kilichotuamsha ni mwalimu wake kusema mtoto akikaa nyuma darasani anajibu swali ambalo halijaulizwa. Hapo ndo tukaamua kwenda kwa mtu wa masikio haswa.

Kitu cha kwanza nilichokipenda, dokta hakukimbilia kuandika dawa. Aliuliza maswali mengi: usaha una harufu gani, mtoto anapata kizunguzungu, anaumwa nyuma ya sikio pale kwenye mfupa, uso umewahi kupinda upande mmoja, kuna kisukari kwenye familia. Akaanza na sikio zima la kulia ili aone la kawaida la huyu mtoto likoje na pia mtoto azoee. Halafu akamwambia "sasa mama, utasikia kelele kubwa lakini haikati kitu, ukitaka nisimame nyoosha mkono." Binti alinyoosha mkono na dokta alisimama kweli, kila mara. Hilo kwangu lina thamani kubwa kuliko kiyoyozi cha mapokezi, kwa sababu mtoto akishikwa kwa nguvu siku ya kwanza, siku ya pili hamuingii naye mlangoni.

Usaha wa kupeleka maabara ulichukuliwa kabla sikio halijaguswa na dawa yoyote, na haukuchukuliwa ule wa mlangoni, alifuta kwanza wa nje akaenda kuchukua wa ndani. Ndipo mashine ikaanza, kibomba chembamba kinaingia huku yeye anaona kila kitu kikubwa kwenye hadubini. Kelele ni kubwa kweli kwa mtoto, na kichwa kinaweza kuzunguka kidogo maana hewa inayovutwa inapoza ndani ya sikio, kwa hiyo mwache akae dakika kadhaa kabla ya kusimama. Ilipoisha akatuonyesha kwenye skrini: tundu kwenye ngoma ya sikio. Hilo tundu hakuna aliyewahi kulitaja miaka yote, na sioni wangelionaje, maana sikio likiwa limejaa usaha anayechungulia anaona usaha tu.

Na hapa ndo nilielewa kwa nini chupa zote zile hazikushika. Tone likidondoka juu ya usaha linaishia juu ya usaha. Halafu vijidudu vya ugonjwa wa muda mrefu haviogelei kimojakimoja, vinajijengea utando wa ute vinakaa ndani yake vimeshikana na ngozi au nyama iliyovimba. Ule utelezi unaoupata ukipitisha kidole ndani ya pipa la maji lililokaa muda ni kitu cha aina hiyohiyo, makazi ya bakteria. Dawa inaua wa juu, wa chini wanabaki, usaha unakata wiki moja unasema tumepona, kumbe. Kwa hiyo mashine ya kunyonya yenyewe ni sehemu ya tiba, watu waache kuiona kama maandalizi ya kuongezea bili.

Majibu ya maabara yalichukua siku chache, bakteria wanahitaji muda wa kuota na ukishuku fangasi muda unaongezeka, msiwagombeze watu wa maabara. Aliyeota ni Pseudomonas aeruginosa. Kijana wa maabara alikuwa muungwana sana, akatuonyesha kisahani chenyewe kimegeuka kijani, akaeleza kwamba huyu mdudu hutengeneza rangi yake mwenyewe, na ile rangi ya kijanijani kwenye usaha wa binti ilikuwa ndiyo hiyo. Huyu ni bakteria wa maji na sehemu zenye unyevu, yupo kwenye sinki, kwenye mabomba, na ni mmoja wa wanaoongoza duniani kwa masikio yanayovuja muda mrefu, pamoja na Staphylococcus aureus, halafu wanafuata akina Proteus na Klebsiella. Sasa sikilizeni hii: amoksilini haimgusi Pseudomonas kabisa, hata umpe mtoto lita nzima. Kloramfenikoli naye kwa kawaida anaidharau. Miaka yote tunamnywesha mtoto dawa ambayo mdudu wake hata haitambui!

Karatasi ya majibu ina herufi, S maana yake dawa inamweza, R maana yake kaizoea. Dokta akatufafanulia jambo ambalo sikulitegemea: hizo herufi zinahesabiwa kwa kiasi cha dawa kinachofika kwenye damu mtu akinywa au akichomwa sindano, lakini tone linalodondoka moja kwa moja sikioni lina dawa kali mara nyingi zaidi ya hapo, kwa hiyo wakati mwingine hata yenye R inafanya kazi ikiwa tone na ikiwa sikio ni safi. Nimeipenda hii kwa sababu mwingine angetumia ile R kutupandisha hadi sindano za bei. Sisi tulipewa matone ya siprofloksasini, ambayo ndiyo dawa inayoaminika kwa sikio lenye tundu, maana haiharibu neva za kusikia. Zile za jentamaisini na ndugu zake zikipita kwenye tundu zikafika ndani zinaweza kuua usikivu wenyewe, na zinauzwa kirahisi kama pipi. Hapa naomba wenye famasi wanisamehe lakini nasema kwa uchungu, ulizeni kwanza kama ngoma ni nzima!

Nigeukie upande wa pili wa hii huduma, upande wa sikio zima, kwa sababu bila huo majibu ya maabara yanaweza kukupoteza. Nilimwuliza dokta, sasa hilo la kulia mbona haliumwi, halina bakteria? Akasema linao, na wanatakiwa wawepo. Njia ya sikio la mtu mzima ina urefu wa kama sentimita mbili na nusu. Theluthi ya nje ina vinyweleo na tezi zinazotengeneza nta, sehemu ya ndani ni ngozi nyembamba imelala juu ya mfupa na haitengenezi nta. Nta ina mafuta, ina asidi kidogo, ina vimeng'enya vinavyochana kuta za bakteria, na inazuia maji kulowanisha ngozi. Halafu ngozi yenyewe inatembea, inaota kutoka kwenye ngoma na kusogea nje polepole, inabeba nta na uchafu hadi mlangoni. Yaani sikio linajifagia lenyewe! Kwenye mazingira hayo wanaishi wapangaji wapole, Staphylococcus wasio na madhara, akiwemo Staphylococcus auricularis ambaye wanasayansi walimwelezea 1983 baada ya kumpata kwenye masikio ya watu, pamoja na akina Corynebacterium na wenzao. Wanakula mafuta ya ngozi, wanachukua nafasi, na mgeni mbaya akija anakuta pamejaa na pana asidi ambayo Pseudomonas haipendi.

Sasa chukua njiti ya kiberiti, ufunguo, mfuniko wa peni, unyoya wa kuku, vijiti vya pamba, vyote hivyo vinafanya kazi moja: vinasukuma nta ndani na kukwaruza ile ngozi nyembamba. Ongeza maji ya sabuni yanayoondoa asidi, ongeza joto na unyevu wa Dar, wapangaji wapole wanahama. Na antibayotiki ya matone ikitumika miezi na miezi nayo inawahamisha, halafu anakuja fangasi.

Shemeji yangu ndo mfano wa hilo, na yeye tulimpeleka kliniki hiyohiyo baada ya kuona ya binti. Yeye tatizo lake lilikuwa kuwashwa, anawashwa hadi analala na kidole sikioni, usaha hana ila sikio limeziba. Alishatumia matone ya antibayotiki yaliyochanganywa na steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho, kwa muda mrefu kwa ushauri wa duka la dawa, kila akiacha kuwashwa kunarudi kwa nguvu zaidi. Kwenye hadubini dokta aliona mara moja, utando mweupe wenye vidoti vyeusi juu yake, Aspergillus niger, fangasi. Huyu anapenda sana nchi zenye joto na unyevu, na antibayotiki inamsaidia kwa kumwondolea washindani, steroidi nayo inalegeza ulinzi wa ngozi. Tiba yake ilikuwa kunyonya ule utando wote na matone ya klotrimazoli, na onyo la kuliweka sikio kavu. Mashine ndiyo iliyofanya kazi kubwa, fangasi asiponyonywa akatoka unaweza kumwaga dawa ya fangasi chupa nzima na bado akabaki.

Na kwa shemeji pia ndo nikaona udhaifu wa kipimo, niseme ukweli wote. Alikuwa na karatasi ya maabara nyingine ya huko nyuma imeandikwa Staphylococcus, bila jina la pili la kuonyesha ni yule mbaya aureus au mpangaji mpole, na kwa karatasi hiyo akauziwa antibayotiki. Dokta akaiangalia akasema huyu ni mwenyeji wa ngozi, kijiti kiligusa ukuta wa sikio kikamleta. Kipimo kitaotesha chochote utakachokipeleka, mwenyeji na mvamizi wote wanaota. Ndio maana nasisitiza achukue mtu anayeona anapochukua, na asome majibu mtu aliyeliona sikio. Ukipewa karatasi mkononi ukaenda nayo famasi peke yako umelipia nusu ya huduma.

Kuna kisa anachokisimulia daktari mmoja wa Chuo Kikuu cha California kule San Francisco, Andrew Goldberg, kwamba mgonjwa wake aliyesumbuliwa na sikio moja muda mrefu aliamua mwenyewe kuchukua nta ya sikio lake zima akaihamishia kwenye bovu, na likapona. Ni mtu mmoja huyo, wala haikuwa utafiti, tafadhali msiende kujaribu, hasa kwa mtoto mwenye tundu kwenye ngoma. Nimekitaja kwa sababu kinaonyesha wanakoelekea wenzetu, kwamba siku moja tiba inaweza kuwa kurudisha wenyeji badala ya kuua kila mtu.

Wanaosema "hayo ni mambo ya wazungu, sisi tunakausha tu linapona" nawaletea ya hapo jirani Kenya. Kiambu walifuatilia watoto wa shule 524 wenye masikio yanayovuja muda mrefu, matokeo yakatoka 1996 kwenye jarida la The Lancet: waliokaushwa sikio peke yake walipona 22 kwa mia, na ambao hawakupewa kitu chochote walipona 22 kwa mia vilevile. Waliokaushwa na kupewa pia matone yenye antibayotiki na steroidi pamoja na antibayotiki ya kunywa walifika 51. Halafu 2005 ukatoka mwingine wa magharibi mwa Kenya, watoto 427, siprofloksasini ya matone dhidi ya asidi ya boriki kwenye spiriti, baada ya wiki mbili siprofloksasini walikauka 59 kwa mia na ile nyingine 32. Mimi nikisoma namba hizi naona mambo mawili. Kukausha bila dawa sahihi ni kujichosha. Na hata dawa nzuri kuna watoto kama arobaini kwa mia bado wanavuja baada ya wiki mbili, hao ndio wa kupelekwa kwa hadubini na mashine, wasirudishwe famasi.

Mapungufu ya hiyo kliniki sasa, maana yapo. Mapokezi wanachelewesha, miadi ya saa tatu unaingia saa tano na nusu, mtoto keshachoka keshakasirika, halafu ndo unamwambia atulie kwenye mashine. Hawakutupa bei yote mwanzoni, kumwona dokta ni bei moja, kusafisha nyingine, maabara nyingine, na kila moja unaisikia ukiwa umeshaanza. Kwa mzazi wa kipato cha kawaida hiyo sio haki, mtu anatakiwa ajue anaingia na shilingi ngapi ili achague. Jumla yake ilizidi sana bei ya chupa ya matone, sitawadanganya, ila ukijumlisha chupa zote za miaka yote, nauli na siku za shule zilizopotea, naona ni rahisi. Nawapa nyota nne kati ya tano, na hiyo iliyopungua wanaweza kuirudisha kwa kubandika bei ukutani tu.

Ukienda popote, piga simu kwanza uulize maswali haya: mna hadubini na mashine ya kunyonya, au mnapiga maji kwa bomba la sindano? Maana kupiga maji sikio lenye tundu ni kuusukuma uchafu ndani zaidi. Usaha mnapeleka maabara gani na mnaotesha fangasi pia? Mtoto akiwa anatumia matone waambie kwenye simu, watakwambia uache lini ili mdudu aweze kuota kwenye kipimo. Na nenda na chupa au maboksi ya dawa zote alizowahi kutumia, dokta wetu aliyasoma moja moja na yalimsaidia.

Walichotufundisha kufanya nyumbani kilikuwa cha maana kuliko hata dawa yenyewe. Kitambaa safi cha pamba kinachonyonya kinasokotwa kuwa utambi, kinaingizwa taratibu, kikilowa kinatolewa kinawekwa kingine kikavu hadi kitoke kikavu, mara tatu kwa siku, ndipo matone. Chupa unaishika kwanza kiganjani ipate joto, tone la baridi linaleta kizunguzungu. Mtoto analala ubavu, ukishadondosha unabonyeza kile kinundu cha mbele ya tundu la sikio mara kadhaa ili dawa isukumwe ndani, anabaki amelala dakika chache. Kuoga anaweka pamba iliyopakwa vaselini mlangoni mwa sikio, na kuogelea hakuna. Sista alimfanya binti mwenyewe aeleze hatua zote kabla hatujatoka, na mpaka leo ndiye anayenikosoa mimi nikikosea mpangilio.

Kwa wale ambao mtoto ana homa kali na uvimbe nyuma ya sikio unaosukuma sikio mbele, au uso umepinda, au mtu mzima mwenye kisukari sikio linauma usiku kucha halikubali dawa, msisubiri miadi ya kliniki kama hii, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo.

Sikio la binti limekauka, harufu imekwisha, na aliporudi kusafishwa mara nyingine dokta alikuta ngozi ya ndani imetulia na nta imeanza kujitokeza upande wa nje, kitu ambacho sikio lile halikuwa nacho. Tundu bado lipo. Kipimo cha kusikia kilionyesha upungufu kidogo upande huo, mwalimu ameshamsogeza dawati la mbele, na upasuaji wa kuziba ngoma dokta anataka kwanza sikio likae kavu muda wa kutosha ndipo aamue. Tunarudi kwake likizo ya Desemba kipimo kirudiwe, nikipata majibu nitaongezea hapahapa.